John Parsons, mtoto wa atelie aliyefanya mashine zifuate namba

Wakaaji wa Lushebere, kando ya barabara inayotoka Sake kupanda Masisi-centre, wanazijua helikopta kwa sauti kabla hawajaziona. Kwa miaka mingi zile nyeupe za MONUSCO zimepita juu ya vilima vya Masisi. Watoto huzikimbilia, wazee hushika kofia zao. Wachache tu ndio wanaojua kwamba yale mapanga marefu yanayozunguka juu ya helikopta ndiyo yaliyozaa mashine za kukata vyuma zinazoongozwa na kompyuta, zile ambazo leo fundi anaziamuru kwa kugusa kioo kama cha simu.

Aliyeanzisha jambo hilo hakuwa profesa. Hakuwa hata na diploma ya chuo kikuu. Jina lake ni John Parsons, Mmarekani, na alikulia ndani ya atelie ya baba yake.

Parsons alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1913 huko Detroit, mji wa viwanda vya magari. Baba yake, Carl, alikuwa mhamiaji kutoka Uswidi aliyeanzisha kazi yake mwenyewe ya vyuma. Kijana aliingia kazini mapema, akajifunza kama wanavyojifunza vijana wengi wa huku: kusimama karibu na fundi, kumpa vifaa, kuungua vidole, kurudia. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, kampuni ya familia ilipata kazi za jeshi, na Parsons akawa na kiwanda huko Traverse City, kaskazini mwa jimbo la Michigan, kando ya ziwa.

Wakati huo helikopta ilikuwa kitu kipya kabisa. Parsons alisikia kwamba ndiyo itakayofuata baada ya ndege za kawaida, akaenda kwa kampuni ya Sikorsky kuomba kazi. Akapewa kazi ya mapanga. Aliyatengenezea katika kiwanda cha zamani cha samani kilichokuwa kimefungwa, na chaguo hilo lilikuwa la akili, kwa sababu panga la helikopta la siku zile lilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya seremala. Katikati palikuwa na bomba refu la chuma. Juu ya bomba hilo zilipangwa mbavu za mbao, moja baada ya nyingine, ili kulipa panga umbo lake, kisha likafunikwa.

Hapa ndipo taabu ilipoanza. Sikorsky ilituma umbo la ubavu kama orodha ya nukta 17 tu. Kati ya nukta moja na nyingine, fundi alitakiwa kuchora mwenyewe mviringo kwa rula iliyopinda, kisha kutengeneza gabari ya mbao kufuata mchoro huo. Kila aliyewahi kuona mtu akichonga chukudu anaelewa shida iliyopo. Mchongaji wa chukudu anapima kwa jicho, na gurudumu likizidi kidogo upande mmoja, mzigo wa viazi utafika Sake vilevile. Panga la helikopta halina msamaha wa namna hiyo. Linazunguka kwa kasi kubwa, na watu wote waliomo ndani wananing'inia kwake.

Panga moja likaharibika. Uchunguzi ulielekea kwenye bomba la katikati, mahali ambapo mbavu zilishikizwa kwa kuchomelewa. Parsons akapendekeza zibandikwe kwa gundi badala ya moto, jambo ambalo liliwashangaza wengi katika kazi ya ndege. Kisha akaenda mbali zaidi: kwa nini mbavu zisiwe za bati la chuma, zikigongwa kwa mashine, zote sawasawa? Lakini ili kugonga bati kwa umbo lile, inabidi kwanza kuwe na gabari ya chuma kigumu yenye umbo lenyewe hasa. Na nukta 17 hazikutosha kukata gabari hiyo.

Katika kutafuta msaada alifika Wright Field, kituo cha jeshi la anga, akazungumza na mhandisi wa mapanga, Frank Stulen. Mazungumzo hayakwenda vizuri. Stulen aliona wazi kwamba mgeni wake hakuielewa vizuri hesabu ya kitu alichokuwa akikitengeneza. Parsons naye aliona kwamba Stulen ameona. Badala ya kukasirika, alimwajiri palepale. Mabosi wengi wangefanya kinyume chake. Stulen alianza kazi tarehe 1 Aprili 1946.

Ni Stulen aliyeleta mashine za hesabu za IBM zilizosoma kadi zenye matundu. Zilikuwa mashine za ofisi, za kuhesabu mishahara na stoki, lakini yeye alizitumia kupima nguvu zinazovuta panga likiwa hewani. Parsons alipoziona zikifanya kazi, aliuliza swali la mtu wa atelie: je, zinaweza kuhesabu nukta 200 badala ya 17, na kila nukta isogezwe kidogo kulingana na unene wa kisu cha kukatia? Maana kisu kina unene wake, kama msumeno. Ukikipitisha juu ya mstari wenyewe, kipande kinatoka kidogo kuliko inavyotakiwa. Stulen akajibu kwa kazi: akatoa majedwali marefu ya namba.

Majedwali hayo yalipelekwa kwenye mashine ya kuchonga vyuma, ile ambayo mafundi wengi wa Kongo wanaiita fraiseuse. Walisimama watu watatu. Mmoja alisoma namba kwa sauti. Wa pili alizungusha gurudumu la kusogeza kazi kushoto na kulia, upande unaoitwa X. Wa tatu alizungusha gurudumu la mbele na nyuma, upande wa Y. Wakifika mahali palipotajwa, kisu kilishushwa, kikatoboa, kikainuliwa. Kisha namba inayofuata. Mwishoni ukingo ulikuwa na vijino vidogo vidogo vilivyosawazishwa kwa tupa, na gabari ikatoka sahihi kuliko yoyote iliyochorwa kwa mkono.

Kilichobaki Parsons alikiona mwenyewe. Kama kazi ya watu wale watatu ni kusoma namba na kuzungusha magurudumu, basi kadi zenyewe zingeweza kusomwa na mashine, na magurudumu yakazungushwa na mota. Jeshi la Anga la Marekani, lililokuwa likitaka mabawa ya ndege zenye kasi zaidi, likakubali kulipia wazo hilo. Mkataba ulitiwa saini tarehe 15 Juni 1949.

Parsons alikuwa na ujuzi wa chuma, lakini hakuwa na wa mota zinazojirekebisha zenyewe. Akaitafuta maabara ya chuo cha MIT, karibu na Boston, iliyobobea katika mambo hayo tangu vita. Kuanzia hapo mambo yalimponyoka. Wahandisi wa MIT hawakuridhika na kutoboa nukta kwa nukta. Walitaka kisu kitembee bila kusimama, kikifuata mviringo moja kwa moja. Kwa upande wa ufundi walikuwa na haki, na mashine za leo zinafanya hivyo. Lakini gharama ilipanda, fedha za Parsons zikaisha, na jeshi likafanya mkataba na MIT moja kwa moja. Mwenye wazo akabaki pembeni.

Septemba 1952 MIT ilionyesha mashine yake hadharani. Ilikuwa fraiseuse kubwa iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu, pamoja na kabati la elektroniki lenye taa karibu 300 za aina ya redio za zamani. Kabati lilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe.

Parsons hakukaa kimya. Miezi michache kabla ya onyesho hilo, tarehe 5 Mei 1952, yeye na Stulen walikuwa wamekwisha peleka maombi ya hati ya uvumbuzi. MIT ilipeleka yake baadaye mwaka huohuo. Ilibidi kungoja karibu miaka sita, lakini tarehe 14 Januari 1958 hati namba 2,820,187 ilitolewa kwa Parsons na Stulen. Wakati huo kampuni ya Bendix ilikuwa tayari imenunua haki ya kutumia uvumbuzi wao, na wengine waliotaka kutengeneza mashine za namna hiyo, wakiwemo IBM na General Electric, walilazimika kupitia kwake.

Viwanda vyenyewe havikukimbilia kununua. Mashine zilikuwa ghali, na kuandaa utepe mmoja kulichukua muda mrefu. Ili kuvisukuma, jeshi la Marekani lilinunua mashine 120 na kuvikodisha viwanda.

Upo upande wa habari hii usiotajwa sana. Miaka ileile palikuwa na njia nyingine: fundi akate kipande cha kwanza kwa mikono yake, utepe urekodi kila mwendo wake, kisha mashine irudie. Kwa njia hiyo ujuzi ungebaki mikononi mwa fundi. Haikushika. Mwanahistoria David Noble alitetea kwamba wakubwa wa viwanda na jeshi walipendelea njia ya namba kwa sababu iliondoa maamuzi kwenye sakafu ya atelie na kuyapeleka ofisini. Unaweza kubishana naye, kwa kuwa umbo la bawa la ndege haliwezi kukatwa kwa jicho hata na fundi hodari. Lakini matokeo yanaonekana: kwa muda mrefu mtu aliyesimama mbele ya mashine alikuwa wa kupakia chuma, kubonyeza na kungoja, huku programu ikiandikwa na mwingine ambaye mikono yake haijawahi kushika mafuta.

Kioo cha kugusa kimebadilisha hilo kidogo. Kioo chenyewe kilitoka mahali pengine: Mwingereza E. A. Johnson alieleza wazo hilo mwaka 1965, akifikiria waongozaji wa ndege kwenye rada. Kwenye mashine za vyuma, hatua ya kwanza ilikuwa mifumo inayomuuliza fundi maswali kwa lugha ya kazi badala ya kumtaka aandike mistari ya herufi na namba. Siku hizi fundi anagusa picha ya tundu, anaandika upana na kina, anagusa aina ya chuma, na mfumo unapendekeza mwendo wa kisu. Anaweza kutazama kazi nzima ikikatwa kwenye picha kabla chuma halisi hakijaguswa, na kuonywa kama kisu kitagonga mahali pabaya. Kisu kikigonga, hasara inaweza kupita thamani ya mshahara wa miezi mingi. Ndiyo maana hata viwanda vyenye wahandisi wengi vinalipia msaada huo.

Kioo hakijashinda kila kitu. Vidole vyenye mafuta na glovu nzito havikubaliani nacho vizuri, na kitufe chekundu cha kusimamisha mashine wakati wa hatari kimebaki kitufe halisi, kikubwa, cha kupiga kwa kiganja.

Kwa Lushebere jambo hili linaonekana kuwa mbali. Ekseni ya mashine ya kusaga mahindi ikivunjika Masisi, dawa ya kawaida ni kuichomelea, au kuituma Goma, karibu kilomita 80, barabara ikiwa inapitika na usalama ukiruhusu. Huko fundi wa tour anapima kipande kilichovunjika na kukereza kingine kama hicho. Kazi yake ni ileile aliyoifanya Parsons akiwa kijana: kupima, kukata, kupima tena. Mashine yenye kioo inahitaji umeme usioyumba, visu vya bei na mtu wa kuitengeneza ikiharibika. Lakini kijana anayerekebisha simu chini ya mwavuli anajua tayari nusu ya lugha ya kioo hicho. Nusu nyingine, ile ya chuma, inafundishwa karibu na fundi tu.

Heshima zilimfikia Parsons akiwa mzee. Mwaka 1985 yeye na Stulen walipokea kwa Rais Ronald Reagan Medali ya Taifa ya Teknolojia. Mwaka 1993 jina lake liliingizwa katika jumba la wavumbuzi la Marekani. Chuo kikuu cha Michigan nacho kilimpa udaktari wa heshima, yeye ambaye hakuwahi kumaliza chuo.

Alifariki Traverse City tarehe 18 Aprili 2007, akiwa na miaka 93. Ukiwasha leo mashine yoyote ya aina hiyo, iwe ya Ujerumani, Japani au China, kioo kinawaka na kuonyesha mahali kisu kilipo kwa herufi zilezile walizosimamia wale wafanyakazi wawili wa magurudumu: X na Y.