Kaburi Tupu la Namirembe

Ndugu msomaji, ile barabara kuu inayopita katikati ya mji wetu wa Eldoret huitwa Barabara ya Uganda. Sisi huipita kila siku, bila kujiuliza yaliyotendeka huko inakoelekea. Leo nitakusimulia habari za hayati Askofu Mkuu Janani Luwum.

Alizaliwa mwaka wa 1922 kijijini Mucwini, karibu na Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alichunga mbuzi, akachelewa kuingia shule, lakini hatimaye akawa mwalimu. Mnamo tarehe 6 Januari 1948 aliokoka, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Akawa kasisi, mwaka wa 1969 akawa askofu, na mwaka wa 1974 Askofu Mkuu.

Wakati huo Idi Amin alikuwa akitawala, na watu walikuwa wakipotea ovyo ovyo. Luwum alimwendea mara kwa mara kuwaombea waliokamatwa. Kuna waliomlaumu eti amekuwa rafiki wa dikteta. Mimi naona walimkosea. Nani mwingine angethubutu kubisha hodi kwenye mlango ule?

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake ati wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamika. Tarehe 16 viongozi wa dini wakaitwa Kampala, wakaonyeshwa bunduki zilizopangwa hadharani, huku wanajeshi wakipiga kelele wauawe. Wenzake wakaachiliwa, Luwum akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari.

Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, karibu na lile la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka wa 1885. Lakini serikali ilikataa kutoa mwili. Wanajeshi waliupeleka Mucwini uzikwe upesi. Kumbe ardhi ilikuwa ngumu! Kaburi halikwisha siku ile, jeneza likalala kanisani. Wanakijiji walipolifungua waliona majeraha ya risasi, na hadithi ya ajali ikaishia hapo.

Jumapili tarehe 20 maelfu ya Wakristo walijaa Namirembe, ingawa ibada ya kumkumbuka ilikuwa imekatazwa. Walipotoka nje walilizunguka lile kaburi tupu. Askofu Mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akawakumbusha wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka wasiukute mwili wa Bwana. Watu waliokuja kulia wakaanza kuimba.

Hebu fikiria. Amin aliunyima umati mazishi, akawaachia mahubiri ambayo hakuna kasisi angeweza kuyatunga. Zamani nikisikia ati kuteswa kuna baraka, nilidhani ni maneno ya kumpoza mtu tu. Hata sasa siwezi kusema baraka ilikuwa katika risasi, kwani Mama Mary Luwum alibaki mjane na watoto. Ilikuwa pale kando ya shimo, watu walipoacha kuogopa.

Tarehe 30 Juni mwaka uo huo Kanisa la Uganda lilitimiza miaka 100, na maelfu wakajaa tena kilima kile kile, Amin akiwa bado yuko madarakani. Alitimuliwa Aprili 1979. Luwum bado amelala Mucwini, na tarehe 16 Februari siku hizi ni sikukuu ya taifa la Uganda.