Mt. Ludoviko: mfalme aliyekubali maofisa wake waulizwe



Tukiongea habari za viongozi, swali letu huwa moja tu: tumchague nani? Mimi naona kuna swali la pili tunalolisahau: akishakaa kwenye kiti, nani atamwuliza? Hili nimejifunza kwa Mt. Ludoviko IX, mfalme wa Ufaransa.

Yeye hakupigiwa kura na mtu. Baba yake alifariki mwaka 1226, naye akarithi ufalme akiwa mtoto wa miaka 12. Mama yake, Blanche wa Castilla, ndiye aliyeshika nchi mpaka kijana alipokua. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kujiona hana wa kumwuliza.

Lakini tazameni alichofanya. Mwaka 1247, akijiandaa kwenda vitani, alituma watu, wakiwemo watawa Wafransisko na Wadominiko, wazunguke nchini kusikiliza malalamiko. Dhidi ya nani? Dhidi ya maofisa wake mwenyewe! Aliyetozwa isivyo halali, aliyenyang'anywa shamba, hata mkulima wa kawaida, aliweza kusema.

Vita ilimwendea vibaya. Mwaka 1250 alitekwa huko Misri, akakombolewa kwa fedha nyingi. Aliporudi mwaka 1254 alitoa sheria kwa maofisa wa majimbo: wasipokee zawadi, isipokuwa vitu vidogo vya kula na kunywa; wasinunue ardhi bila ruhusa katika eneo wanaloliongoza. Na muda wao ukiisha, wasiondoke haraka. Wabaki palepale zaidi ya mwezi mmoja, ili mwenye dai alitoe. Kwa kweli hapo namvulia kofia!

Wakubwa nao hawakuachwa. Bwana Enguerrand wa Coucy alipowanyonga vijana watatu waliokutwa katika msitu wake, mfalme alimkamata na kumtoza faini kubwa, ingawa mabwana wenzake walimtetea.

Je, hakuwa na doa? Alikuwa nalo. Wakati wa utawala wake vitabu vya Talmudi vya Wayahudi vilichomwa moto mjini Paris. Tusilifiche hilo. Linatuonyesha kwamba hata mtu wa sala, akiwa na madaraka, anahitaji wa kumwuliza.

Alifariki karibu na Tunis tarehe 25 Agosti 1270, na Papa Bonifasi VIII akamtangaza mtakatifu mwaka 1297.

Basi wapendwa, tukimchagua mbunge, au hata mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana, kazi yetu haiishii kwenye kura. Tuombe hesabu, tena kwa heshima. Tumpe nafasi ya kusema yule mnyonge ambaye huwa hasikilizwi. Na wewe ukichaguliwa, ukubali kuulizwa bila kununa. Nchi inakwenda vizuri pale mdogo anapoweza kumdai mkubwa haki yake, na akaipata.

Mt. Ludoviko, utuombee.