Luigi Broglio: Mhandisi Aliyeifanya Ikweta Kuwa Mlango wa Nyota Pacha

Kata ya Kituntu, wilayani Karagwe mkoani Kagera, ipo kusini kidogo tu mwa mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo, anga lake la usiku huonesha nyota za pande zote mbili za dunia: kundi la Centaurus upande wa kusini na kundi la Cygnus upande wa kaskazini. Kuanzia Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilikuwa ikipita katika ukanda huohuo kila baada ya dakika 96 hivi, ikizichunguza nyota za makundi hayo. Safari yake isingeanzia Afrika Mashariki bila juhudi za Profesa Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice nchini Italia, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi, akawa afisa wa Jeshi la Anga na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Roma, ambako mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa anga. Italia ya wakati huo ilikuwa bado inajijenga upya baada ya vita, na haikuwa na roketi ya kupeleka setilaiti angani.

Broglio hakusubiri nchi yake itajirike kwanza. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na Marekani kwamba Marekani itoe roketi aina ya Scout na mafunzo, nayo Italia itengeneze setilaiti na kituo cha kurushia. Tarehe 15 Desemba 1964, timu yake iliirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani.

Kwa kituo chenyewe, alichagua pwani ya Kenya, jirani na Malindi. Uamuzi huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Kwenye Ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure na kubeba mzigo mkubwa zaidi. Majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, yalisimikwa baharini mkabala na Ngomeni, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, timu ya Broglio iliirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na taifa jingine. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wananchi wa Kenya.

Miale ya eksirei huzuiwa na angahewa, hivyo haiwezi kupimwa kutoka ardhini. Uhuru iligundua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupigapiga kila baada ya sekunde 4.8, kisha hutoweka kwa muda kila baada ya siku mbili na ushei. Maelezo yalikuwa mamoja: nyota mbili zinazungukana, na ile kubwa huifunika ndogo, ambayo ni nyota ya nyutroni inayofyonza gesi ya mwenzake. Mabadiliko ya haraka ya Cygnus X-1 nayo yaliwaelekeza wanasayansi kwenye shimo jeusi linalozungukana na nyota ya kawaida. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imekusanya takwimu zilizowezesha kuorodhesha vyanzo 339.

Urushaji wa mwisho kutoka majukwaa hayo ulifanyika Machi 1988. Broglio alifariki dunia Roma tarehe 14 Januari 2001. Mwaka uliofuata, Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Jina la Broglio halimo katika orodha ya wagunduzi wa nyota pacha hizo, lakini kituo cha Malindi leo kinaitwa kwa jina lake.

Maisha yake yanawakumbusha vijana wanaosomea sayansi, Kituntu na kwingineko, kwamba ugunduzi humhitaji pia mjenzi wa njia, na kwamba kuishi karibu na Ikweta ni rasilimali ambayo mataifa mengine huvuka bahari kuitafuta.