Theresa Wallach: Manzi Aliyetoka London Hadi Cape Town na Nduthi Mwaka wa 1934, na Kenya Akapitia

Simama pale Westi jioni uangalie nduthi zikishuka Waiyaki Way kama nyuki waliochokozwa. Utangoja sana kabla uone moja inayoendeshwa na dem. Si ati madem hawako. Wako wengi, lakini wamekaa nyuma. Uliza stage yoyote kutoka Kangemi hadi Kawangware na utaambiwa kitu kimoja: hiyo ni kazi ya machali.

Sasa skia story ya msupa aliyeambiwa hivyo hivyo karibu miaka mia moja iliyopita, akaenda zake bila kubishana na mtu.

Theresa Wallach alizaliwa Uingereza tarehe 30 Aprili 1909. Enzi hizo Waingereza ndio walikuwa wababe wa nduthi: Norton, BSA, Triumph, AJS, Matchless, zote ni za kwao. Theresa alifundishwa kuendesha na marafiki, na hiyo kitu ikamwingia kwa damu. Akaanza mashindano, akaanza kuleta vikombe nyumbani. Alipotaka kujiunga na klabu moja ya nduthi, akakataliwa. Sababu? Ni mwanamke. Basi. Hakuna lingine.

Mwenyewe alikuwa amejipanga. Mwaka wa 1928 alipata ufadhili wa kusomea uhandisi pale London, kozi ambayo wanawake walikuwa wa kuhesabu na vidole. Kwa hivyo huyu hakuwa mtu wa kupanda tu na kuvuta mafuta. Alijua kufungua injini, kuipanga tena, na kuiskiza akajua inaumwa wapi.

Kisha akakutana na Florence Blenkiron, marafiki walimwita Blenk, naye pia moto wa kuotea mbali. Wawili hawa wakaamua watatoka London hadi Cape Town. Kwa nduthi. Kampuni ya Phelon & Moore ikawapa Panther ya cc 600, silinda moja, na kigari cha ubavuni. Nyuma wakafunga trela la mizigo. Boda nyingi za mtaani leo ni cc 100 hadi 150 na zinabeba sofa, lakini jaribu kuvuta trela kwa mchanga wa Sahara ndio utajua hujui.

Walitoka London tarehe 11 Desemba 1934. Dira hawakuwa nayo. Hapo jangwani walikuwa wanalala kwenye ngome za wanajeshi wa Ufaransa, wakizama kwa mchanga, wakisukuma, wakizama tena. Injini ikawafia kabla wamalizane na Sahara, na pale Agadez, Niger, wakaifungua na kuifufua. Hakukuwa na Grogan ya kukimbilia spea, wala fundi wa kupigia simu. Fundi alikuwa Theresa.

Kutoka hapo wakashuka Nigeria, wakakata msitu wa Congo, wakaingia Uganda, Kenya na Tanganyika. Fikiria Kenya ya 1935: barabara ni udongo, mvua ikinyesha ni matope hadi magotini, na Kenyatta Avenue bado haijapewa hilo jina. Halafu wanatokea mabinti wawili na trela. Tarehe 29 Julai 1935 wakafika Cape Town, miezi saba na nusu tangu waanze. Wanatajwa kuwa wa kwanza kabisa kumaliza hiyo safari kwa nduthi.

Na hakuachia hapo. Mwaka wa 1939, kwa uwanja wa Brooklands, alizungusha Norton ya cc 350 kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kupita kilomita 160. Ukifanya hivyo ulikuwa unapewa nyota ya dhahabu. Wanawake walioipata hapo Brooklands ni watatu pekee, na mmoja wao ni Blenk. Vita vya Pili vilipokuja, Theresa akaingia jeshi, akawa mpeleka ujumbe kwa nduthi na fundi pia.

Baada ya vita akavuka bahari na Norton yake, akazunguka Marekani, Kanada na Mexico miaka miwili na nusu. Doo zikiisha, anashika mboka yoyote iliyoko, anaweka mafuta, anasonga. Baadaye akahamia Chicago, na mwaka wa 1959 akafungua duka lake la nduthi. Hapo ndio mimi namvulia kofia kabisa: badala ya kuuza tu na kuhesabu chapaa, aliwafundisha watu kuendesha. Mwaka wa 1970 akaandika kitabu cha kufundisha uendeshaji, na 1973 akahamia Phoenix, Arizona, akafungua shule ya kazi hiyo hiyo.

Gari hakuwahi kununua maishani mwake. Aliacha kuendesha akiwa na miaka 88, sababu tu macho yalianza kumsaliti. Alikufa tarehe 30 Aprili 1999, siku yake ya kuzaliwa, akiwa ametimiza miaka 90 kamili.

Panther haziundwi tena. Lakini Triumph ilifufuka, na tangu 2023 zile Triumph za cc 400 zinaundwa India na Bajaj. Ndio, Bajaj wale wale wa Boxer unayopanda kutoka tao ukielekea Ngong Road. Kwa hivyo usione boda ya mtaa ukadhani haina ukoo na hizi story.

Kanairo sasa kuna vikundi vya madem wa nduthi, na kila mwaka wanaongezeka. Bado wanachekwa, bado wanaulizwa ni ya nani hiyo. Theresa alinyimwa nafasi kwa klabu, na alipozipata siri zote za hiyo mashine, hakumfungia mtu mlango. Kwa hivyo siku dem wa mtaa wenu atakuja stage akitaka kujua hii kitu inaendaje, usimwambie akae nyuma. Mpe helmeti, mwonyeshe klachi iko wapi, halafu umpishe.