Ernest Wilimowski: Aliifunga Brazil Manne, Kwao Wakamfuta Jina

Vijana wetu wa barazani wakiitaja Poland, hawataji ila Robert Lewandowski. Siwalaumu. Mtu aliyeipiga Real Madrid mabao manne usiku mmoja mwaka 2013 ana haki ya kutajwa. Lakini ndugu msomaji, miaka 75 kabla ya usiku huo, mshambulizi mwingine wa Poland aliifunga Brazil mabao manne katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Kabla yake hakuna aliyekuwa amefunga manne katika mechi moja ya mashindano hayo. Kisha kwa miaka mingi nchini mwake ikawa ni mwiko kumtaja kwa wema. Leo nataka tumzungumze huyo.

Ernest Wilimowski alizaliwa tarehe 23 Juni 1916 katika mji wa Katowice, jimbo la Silesia. Wakati huo mji ulikuwa wa Ujerumani na uliitwa Kattowitz. Baba yake mzazi alikuwa mwanajeshi wa Ujerumani, akafa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama akaolewa tena, na mtoto akachukua jina la baba wa kambo. Nyumbani walizungumza Kijerumani. Mwaka 1922 Silesia ikagawanywa, Katowice ikawa ya Poland, na mtoto huyu wa miaka sita akawa Mpolandi bila kuhama hata chumba.

Hili nawaomba mliweke akilini, kwa sababu kila lililomfika baadaye lina mzizi hapo. Silesia ilikuwa nchi ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, na watu wake walikuwa na lahaja yao na mila zao. Ukimuuliza mtu wa huko yeye ni nani, wengi wangekujibu kwamba ni watu wa Silesia, basi. Wilimowski mwenyewe alijihesabu hivyo.

Mpira aliuanza katika klabu ya Wajerumani wa mjini kwake, kisha akiwa kijana wa miaka 17 akahamia Ruch, timu ya Wapolandi wa jirani. Hapo ndipo moto ulipowaka. Msimu wake wa kwanza wa ligi, 1934, alifunga mabao 33 na Ruch wakachukua ubingwa. Wakauchukua tena 1935, 1936 na 1938. Kwa jumla alicheza mechi 86 za ligi ya Poland akafunga mabao 112. Mwezi Mei 1939 aliifunga Union Touring ya Łódź mabao kumi katika mechi moja. Naam, kumi, na yeye peke yake. Mechi iliisha 12-1.

Alikuwa na nywele nyekundu na mguu wake wa kulia ulikuwa na vidole sita. Watu walipenda kusema siri ya chenga zake ilikuwa kidole hicho cha ziada. Mimi nadhani siri ilikuwa utulivu wake mbele ya kipa, lakini hadithi ya kidole ni tamu zaidi na sitaki kuwaharibia.

Alikuwa pia na udhaifu wake, na ulikuwa chupa. Mwaka 1936 chama cha soka cha Poland kilimfungia kwa sababu ya ulevi, akakosa Michezo ya Olimpiki ya Berlin. Poland walimaliza wa nne, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba pamoja naye wangerudi na medali. Pombe imewamaliza wachezaji wengi hodari, wa huko na wa kwetu. Huyu ilimpunguzia tu, haikummaliza.

Tuje sasa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 5 Juni 1938. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Poland kucheza Kombe la Dunia, na mashindano yalikuwa ya mtoano tangu siku ya kwanza: ukifungwa, unafunga mizigo. Wapinzani walikuwa Brazil ya Leônidas. Mvua ilinyesha na uwanja ukawa tope. Hadi mapumziko Brazil walikuwa mbele 3-1, na bao hilo moja la Poland lilikuwa penalti ya Fryderyk Scherfke, baada ya Wilimowski kuangushwa. Kipindi cha pili akaamua kufanya kazi mwenyewe. Dakika ya 53 bao, dakika ya 59 bao, ikawa 3-3. Brazil wakapata la nne. Dakika ya 89, watu wakiwa wameshaanza kuondoka, Wilimowski akasawazisha. Katika muda wa ziada Leônidas akafunga mawili, na dakika mbili kabla ya kipenga cha mwisho Wilimowski akafunga lake la nne. Mechi ikaisha 6-5, Poland nje. Mtu anafunga mabao manne, anasababisha penalti ya bao la tano, na bado anapanda gari moshi kurudi nyumbani. Sijui mpira una dhulma gani kubwa kuliko hiyo.

Tarehe 27 Agosti 1939 Hungary, waliokuwa wamefika fainali ya Kombe hilo, walikuja Warsaw. Poland ikawapiga 4-2, matatu yakiwa ya Wilimowski. Siku tano baadaye majeshi ya Hitler yakavuka mpaka.

Hapa ndipo mjadala unapoanza, na ni mjadala ambao Wapolandi hawajaumaliza. Silesia iliingizwa moja kwa moja katika dola ya Ujerumani. Wapolandi walipigwa marufuku kucheza mpira uliopangwa. Watu wa Silesia walitakiwa kujiandikisha kuwa Wajerumani, na aliyekataa alijua linalomngoja. Wilimowski alijiandikisha. Akaenda kucheza Chemnitz, kisha 1860 Munich, ambao alichukua nao kombe la Ujerumani mwaka 1942. Kuanzia Juni 1941 akavaa jezi ya taifa la Ujerumani, yenye alama ya Wanazi kifuani: mechi nane, mabao 13, manne kati ya hayo dhidi ya Uswisi mjini Bern. Kwa Poland alikuwa amecheza mechi 22 na kufunga 21.

Wanaomwita msaliti wana hoja, na ni dhulma kuidharau. Antoni Łyko wa Wisła Kraków, mchezaji aliyewahi kuvaa jezi ya taifa ya Poland kama yeye, aliuawa Auschwitz mwaka 1941. Mwaka huohuo Wilimowski alikuwa akiwafungia mabao wale waliomuua. Mama wa Łyko ukimweleza habari za lahaja na mipaka ya 1922, hatakusikiliza, na hana sababu ya kukusikiliza.

Lakini Auschwitz ilimgusa Wilimowski pia. Mama yake mzazi alikamatwa akapelekwa huko, kosa lake likiwa uhusiano na mwanamume Myahudi. Aliyesaidia kumtoa ni Hermann Graf, rubani mashuhuri wa kivita wa Ujerumani ambaye alikuwa pia mpenzi mkubwa wa soka na alimjua mwanawe. Basi pima mwenyewe: kijana anayeifungia timu mabao, huku dola yenye timu hiyo imemshika mama yake. Mimi simfanyi shujaa. Wapo waliokataa na wakalipa kwa roho zao, hao ndio mashujaa. Ila neno msaliti naliona zito mno kwa mtu aliyeamka siku moja akakuta nchi yake haiko tena kwenye ramani, na ambaye lugha ya mama yake ilikuwa ya wale walioifuta.

Baada ya vita hakurudi. Serikali ya kikomunisti ya Poland ilimhesabu msaliti, na mabao yake yakawa jambo la kunong'onwa. Alibaki Ujerumani Magharibi, akacheza katika klabu kadhaa mpaka umri ukamtoa uwanjani.

Miaka ikapita na dunia ikabadilika. Miroslav Klose, mfungaji bora wa Kombe la Dunia kwa mabao 16, alizaliwa Opole. Lukas Podolski alizaliwa Gliwice. Wote wawili ni wa Silesia na wote wakaichezea Ujerumani. Podolski aliifunga Poland mara mbili katika Euro ya 2008, hakushangilia, na maisha yakaendelea.

Mwaka 1974 Kombe la Dunia lilichezwa Ujerumani Magharibi, nchi aliyokuwa akiishi Wilimowski. Poland, ya kina Lato na Deyna, ilishika nafasi ya tatu kwa kuifunga Brazil 1-0, na mechi yenyewe ilipigwa Munich, mji aliochezea kwa sifa wakati wa vita. Wakati huo alikuwa na miaka 58. Alifariki Karlsruhe tarehe 30 Agosti 1997, akiwa na miaka 81. Katika vitabu vya kumbukumbu vya Poland anaandikwa Ernest Wilimowski, na katika vile vya Ujerumani ni Ernst Willimowski, kwa l mbili.