Frank Hampson: Baba wa Dan Dare Aliyenyimwa Mtoto

Tunaposoma riwaya, jalada hutuonyesha jina la mtunzi. Katika hadithi za picha jambo hilo halikuwa wazi sikuzote. Maisha ya Mwingereza Frank Hampson, mtunzi na mchoraji wa hadithi za kubuni za kisayansi, yanatufundisha jinsi mtu anavyoweza kubuni ulimwengu mzima kisha asiwe na haki juu yake.

Hampson alizaliwa tarehe 21 Desemba 1918 huko Audenshaw, karibu na Manchester, akakulia Southport. Baba yake alikuwa polisi. Akiwa bado kijana aliacha shule, akaajiriwa na posta kupeleka telegramu. Vita Kuu ya Pili ilimkuta jeshini. Mwaka 1940 alikuwa miongoni mwa askari waliookolewa Dunkirk, na baadaye, huko Antwerp nchini Ubelgiji, aliona roketi za Wajerumani. Silaha hizo za kuua zilimfanya afikirie safari za anga.

Baada ya vita alisomea sanaa Southport. Hapo alikutana na mchungaji wa Kianglikana, Marcus Morris, mhariri wa jarida la kanisa. Morris alichukizwa na hadithi za picha za kutisha zilizotoka Marekani, akataka watoto wa Uingereza wapate kitu bora. Wazo lao la kwanza lilikuwa shujaa mchungaji. Hatimaye mchungaji huyo akageuka kuwa Kanali Dan Dare, rubani wa siku zijazo.

Tarehe 14 Aprili 1950 gazeti la Eagle lilitoka, likiwa na Dan Dare kwenye ukurasa wa mbele. Toleo hilo liliuza nakala karibu 900.000. Katika hadithi ya kwanza, Dunia ina njaa, na Dan Dare anatumwa kwenye sayari ya Zuhura kutafuta chakula. Wasomaji walielewa vizuri, maana Waingereza wenyewe walikuwa bado wanagawiwa chakula kwa vipimo. Adui ni Mekon, kiumbe wa kijani mwenye kichwa kikubwa na mwili mdogo, anayetawala kwa akili isiyo na huruma. Hata profesa wa msafara ni mwanamke, jambo la nadra katika magazeti ya wavulana wa wakati ule.

Hampson hakufanya kazi peke yake. Alikusanya kundi la wachoraji katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha mikate. Aliandaa rasimu kamili ya kila ukurasa, wenzake wakaigiza matukio mbele ya kamera, na vyombo vya angani vikatengenezewa vielelezo ili vionekane sawasawa kila upande. Baba yake mwenyewe ndiye aliyekuwa sura ya Sir Hubert, mkuu wa Dan Dare. Lakini ukamilifu huo ulikuwa na gharama: Hampson aliugua mara kwa mara kwa kuchoka, na wengine wakalazimika kuendeleza hadithi.

Mwaka 1959 kampuni iliyomiliki Eagle iliuzwa. Wenye mali wapya waliona utaratibu wake ni wa gharama kubwa. Hampson akamwacha Dan Dare, akachora maisha ya Yesu, kisha mwaka 1961 akaondoka kabisa. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza: kwa mkataba, haki zote za Dan Dare zilikuwa za mchapishaji. Faida ya vitu vya kuchezea na bidhaa nyingine zenye jina la shujaa wake haikuwa yake.

Baadaye alichora vitabu vya watoto, akapambana na saratani, akafanya kazi ya fundi wa michoro katika chuo cha Ewell. Mwaka 1975, huko Lucca nchini Italia, mabingwa wa fani hiyo walimpa tuzo ya heshima. Alifariki Epsom mwezi Julai 1985. Dan Dare alikuwa amekwisha kurudishwa magazetini, mikononi mwa watu wengine.

Kwetu tunaosoma fasihi, funzo ni hili: tusiishie kuuliza hadithi inasema nini. Tuulize pia nani aliitunga, nani aliimiliki, na nani aliila faida yake. Anayetaka kuishi kwa kalamu na ausome mkataba kwa makini ule ule anaosomea shairi.