Barney Barnato: Tajiri wa dhahabu aliyewauzia watu mbuzi kwenye gunia

MWANAHISA mdogo wa mgodi wa dhahabu ambao bei ya hisa zake inaporomoka huwa na swali moja kubwa: auze leo apate chochote, au avumilie akitumaini kwamba kesho bei itapanda? Swali hilo liligawanya watu mjini Johannesburg mwaka 1889 na 1890. Likawagawanya tena wakazi wa London na Paris mwaka 1895. Katika vipindi vyote viwili jina la mtu mmoja lilitajwa sana. Mtu huyo ni Barney Barnato.

Maisha yake yanafaa kujulikana na kila mwenye shilingi zake anayefikiria kununua hisa, kwa sababu Barnato alikaa pande zote mbili. Alinunua wakati wanyonge wanauza kwa hofu, na baadaye akauza wakati wanyonge wananunua kwa pupa.

Mtoto wa muuza mitumba

Barnato alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 katika mitaa ya watu wa kipato cha chini mashariki mwa London, Uingereza. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Barnet Isaacs. Baba yake, Myahudi, alikuwa akiuza nguo za mitumba. Barnet aliacha shule mapema akaanza kuhangaika na biashara ndogo ndogo, huku akimsaidia kaka yake Harry katika maonyesho ya vichekesho jukwaani. Jina la Barnato lilitokana na kazi hiyo ya jukwaani.

Mwaka 1873 alimfuata kaka yake Afrika Kusini, ambako almasi ilikuwa imewavuta maelfu ya watu katika mji wa Kimberley. Hakuwa na mtaji wa kununua kitalu cha kuchimba. Akawa mchuuzi: alizunguka kwa wachimbaji akinunua mawe madogo madogo na kuyauza kwa faida. Husimuliwa kwamba alinunua farasi wa mchuuzi mwingine aliyekuwa akiondoka, kwa kuwa farasi huyo alizoea kusimama mwenyewe mbele ya kila mteja wa bwana wake. Iwe kweli au chumvi, habari hiyo inaeleza namna alivyofanya biashara. Aliamini kwamba anayejua njia ya wateja amepata nusu ya mtaji.

Udongo ulipobadilika rangi

Wachimbaji wa kwanza wa Kimberley walipata almasi katika udongo laini wa njano. Kila mmoja alikuwa na kitalu cha mraba chenye upande wa mita tisa na nusu hivi. Walipozidi kwenda chini, udongo wa njano uliisha wakakuta mwamba mgumu wa rangi ya bluu. Wengi waliamini almasi imekwisha. Aidha, mashimo yalikuwa yakijaa maji na kuta zilibomoka, hivyo gharama zilipanda wakati matumaini yanashuka. Wachimbaji wadogo wakaanza kuuza vitalu vyao.

Barnato hakuwa msomi wa miamba, lakini alikuwa akinunua mawe kila siku na alisikia mengi kutoka kwa wachimbaji. Alishika maoni ya wale walioamini kwamba ule mwamba wa bluu ndio mama wa almasi, na ule wa njano ni bluu iliyolainishwa na jua na mvua. Mwaka 1876, yeye na kaka yake walitoa kiasi cha pauni 3,000 wakanunua vitalu vinne katikati ya mgodi wa Kimberley. Mwamba wa bluu ulikuwa na almasi tele. Katika miaka michache mchuuzi yule akawa milionea.

Mkulima wa kahawa wa Kagera anayeijua butura ataelewa kilichotokea. Mwenye shida huuza kahawa ingali mtini kwa mwenye fedha anayeweza kusubiri. Kitalu kilikuwa kile kile na almasi ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alijua kilichopo chini na alikuwa na akiba ya kungojea, mwingine hakuwa na taarifa wala akiba.

Baadaye Barnato alipambana na Cecil Rhodes katika kugombea udhibiti wa migodi yote ya Kimberley. Pambano hilo lilikwisha kwa mapatano: mwaka 1888 iliundwa kampuni ya De Beers Consolidated Mines na Barnato akawa mmoja wa magavana wake wa maisha. Mwaka uliofuata De Beers ililipa hundi ya pauni 5,338,650 kuichukua kampuni ya Kimberley Central, ambayo Barnato alikuwa na hisa nyingi ndani yake. Mwaka huo huo wa 1888 aliingia katika bunge la Koloni la Cape.

Johannesburg: Auze au avumilie?

Dhahabu ya Witwatersrand ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886 na mji wa Johannesburg ukaota juu yake kama uyoga. Barnato alichelewa kufika, lakini mwishoni mwa 1888 na mwanzoni mwa 1889 alinunua viwanja, majengo na migodi kwa kasi. Mwaka 1889 alianzisha Johannesburg Consolidated Investment, kampuni iliyodumu hadi miaka ya mwisho ya karne ya 20.

Wakati huo kila mtu Johannesburg alikuwa na hisa: mwenye duka, karani, mwenye baa, fundi. Soko la hisa lilipofungwa jioni, biashara iliendelea barabarani, katika sehemu iliyozungushiwa minyororo kuzuia magari ya farasi. Hapo ndipo watu walipouziana hisa, kupeana tetesi na kubishana.

Mwaka 1889 ubishi ulibadilika. Migodi ilipofika kina cha mita 30 hadi 40 mwamba ulibadilika, kama ilivyokuwa Kimberley. Juu, dhahabu ilikuwa huru. Jiwe lilisagwa na zebaki ikaikamata, njia ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaifahamu vizuri. Chini, dhahabu ilikuwa imefungwa ndani ya pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, na zebaki iliacha sehemu kubwa ipotee na mchanga. Bei za hisa zikaanguka. Katika mwaka huo huo ukame ulifanya maksai wanaovuta mizigo wakose malisho, na chakula kikapanda bei mjini. Watu wengi walifungasha wakaondoka.

Waliobaki na hisa waligawanyika. Waliotaka kuuza walikuwa na hoja nzito: mgodi unaotoa dhahabu pungufu kwa gharama ile ile ya kuchimba na kusaga unakula mtaji wake wenyewe. Waliotaka kuvumilia nao walikuwa na hoja: vipimo vya maabara vilionyesha kwamba dhahabu bado imo ndani ya jiwe, tatizo ni kuitoa. Kundi la tatu liliongeza hisa kwa sababu tu zimekuwa rahisi, na hilo ndilo lililokuwa na hoja dhaifu kuliko yote.

Chukua mfano wa tani moja ya mawe yenye gramu 10 za dhahabu. Zebaki ikikamata gramu nane na gharama zote ni sawa na thamani ya gramu sita, mwenye mgodi anabaki na gramu mbili. Zebaki ikikamata gramu tano tu, anapoteza gramu moja katika kila tani anayosaga, na kadiri anavyochapa kazi ndivyo anavyozidi kufilisika. Dhahabu iliyomo ndani ya jiwe haijapungua hata chembe.

Jibu lilitoka Glasgow, Scotland, ambako mwaka 1887 mkemia John MacArthur na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, walipata hataza ya kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi. Mwaka 1890 njia hiyo ilijaribiwa katika mgodi wa Salisbury, Johannesburg, ikafanikiwa. Sasa sehemu kubwa ya dhahabu iliyokuwa ikipotea iliweza kukamatwa, na hata marundo ya mchanga uliokwisha kutupwa yakawa mali. Marudio yanayochenjuliwa kwa sayanaidi leo katika Kanda ya Ziwa ni mjukuu wa kazi hiyo.

Je, waliovumilia wote walinufaika? Hapana. Mtambo wa sayanaidi na mashimo marefu zaidi yalihitaji fedha nyingi. Kampuni zilizokuwa na fedha, au zilizokuwa chini ya matajiri kama Barnato, zilivuka. Kampuni nyingi ndogo zilimezwa au zilitoa hisa mpya hadi fungu la mwanahisa wa zamani likawa dogo kama punje. Hivyo mgodi uliweza kupona bila mwanahisa wake kupona.

Kuna watu ambao hawakuwa katika ubishi huo kabisa. Wafanyakazi Waafrika, wengi wao kutoka Msumbiji, ndio waliolitoa jiwe hilo chini ya ardhi. Hawakuwa na hisa, na wenye migodi walipotaka kupunguza gharama walikubaliana kuwakata wao mshahara, mwaka 1890 na tena mwaka 1897. Gharama ambayo mwanahisa hakuiona kwenye hesabu ilibebwa na mtu huyo.

Benki isiyokuwa benki

Kufikia mwaka 1895 mambo yalikuwa yamegeuka. Sayanaidi ilifanya kazi, na ilikuwa imethibitika kwamba mwamba wa dhahabu unaendelea kwenda chini sana. London na Paris zikashikwa na homa ya hisa za dhahabu za Afrika Kusini. Hisa nyingi ziliuzwa kwa pauni moja, kiasi ambacho hata mtu wa kawaida angeweza kukipata. Karibu na migodi ya kweli zikaibuka kampuni ambazo hazikuwa na chochote ila jina na ramani.

Septemba 1895 Barnato alitoa sokoni hisa za kampuni iliyoitwa Barnato Bank, Mining and Estate Corporation. Mtaji wake ulikuwa pauni milioni 2.5, kwa hisa za pauni moja moja. Haikuwa benki kwa maana ya kupokea akiba za watu na kukopesha. Hapakuwa na waraka wa matarajio ulioeleza mali, madeni wala mpango wa biashara. Walionunua hawakununua mgodi. Walinunua jina la Barnato. Hata hivyo, watu waligombania hisa hizo na bei yake ikaruka hadi karibu pauni nne. Kwa lugha ya mitaani, waliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wiki chache baadaye soko lilianza kuteleza, kuanzia Paris. Waliokuwa wamekopa ili wanunue hisa walilazimika kuuza, na kuuza kwao kukashusha bei zaidi. Barnato aliingiza sokoni takriban pauni milioni tatu kununua hisa ili kuzuia anguko. Novemba 7, 1895 Meya wa London alimwandalia karamu ya kumshukuru kwa kuliokoa soko. Lakini fedha za mtu mmoja, hata awe tajiri kiasi gani, haziwezi kushikilia bei ambayo haina kitu chini yake. Bei ziliendelea kushuka.

Mwisho wa Desemba 1895 Leander Starr Jameson alivamia Transvaal kwa silaha akitaka kuipindua serikali ya Rais Paul Kruger. Alishindwa na kukamatwa Januari 2, 1896. Solly Joel, mpwa wa Barnato, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa Johannesburg kwa kuhusika. Barnato mwenyewe hakuwa katika njama hiyo, lakini alihangaika usiku na mchana kumtoa mpwa wake, hata kutishia kufunga migodi yake. Katika mwaka huo huo wa 1896 ile benki iliunganishwa na Johannesburg Consolidated Investment. Wanahisa wake walipewa hisa za kampuni hiyo, na thamani waliyobaki nayo ilikuwa chini sana ya bei waliyolipa walioingia wakati wa pupa.

Mwisho baharini

Tangu wakati huo afya ya Barnato ilidhoofika. Alikunywa pombe kupita kiasi, na akili yake ilianza kuyumba. Juni 1897 alipanda meli ya Scot kuelekea Uingereza. Juni 14, karibu na visiwa vya Madeira, alitumbukia baharini mchana. Ofisa mmoja wa meli alijitosa kumwokoa, lakini Barnato alipoopolewa alikuwa amekwisha kufa. Uchunguzi uliofanyika Uingereza uliamua kwamba alijiua akiwa amerukwa na akili, uamuzi ambao familia yake haikuukubali. Alizikwa London na aliacha mali ya karibu pauni milioni moja.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Transvaal ilitoa zaidi ya robo ya dhahabu yote iliyozalishwa duniani. Maana yake waliosema Johannesburg ina dhahabu nyingi walisema kweli tangu mwanzo, na bado maelfu ya walioweka fedha zao huko walipata hasara. Walikuwa na hakika juu ya dhahabu, lakini hawakuuliza habari za kampuni.

Mwanahisa mdogo anayebishana na wenzake juu ya mgodi unaosuasua anaweza kuupima ubishi wake kwa maswali ambayo wanunuzi wa Barnato Bank hawakuyauliza. Kila tani inatoa gramu ngapi zinazokamatwa, si zilizomo tu? Gharama ya kuzitoa ni kiasi gani? Kampuni inadaiwa na nani, na deni linaiva lini? Je, itatoa hisa mpya ili kupata fedha za kuendelea? Na fedha alizoweka humo, ni akiba anayoweza kuingojea au ni za mbolea na karo za watoto? Kama majibu yapo kwenye taarifa za hesabu za kampuni, kuna la kujadili. Kama jibu pekee ni jina la tajiri aliyenunua, hiyo si sababu ya kununua wala ya kuvumilia.